Nani anaangalia wingu juu ya mtu wa karieri?

Tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine, Lubumbashi na Haut-Katanga yote inaishi na mvua. Asubuhi jua ni kali, mchana hewa inakuwa nzito, na kufika saa nane au saa tisa mbingu inakuwa nyeusi upande mmoja. Mama anatoa nguo kwenye kamba, wauzaji wa soko wanafunika vitu vyao na bashi, watoto wanakimbilia nyumbani. Wote hao wana paa karibu. Lakini baba aliye ndani ya shimo anaona kipande kidogo tu cha mbingu. Wingu likifika juu ya kichwa chake, wakati wa kutoka umekwisha kupita.

Juu ya ile, leo tunaongea habari ya kazi moja ambayo wengi wetu hatuifikirii: kazi ya mtu anayekaa mbali, mbele ya picha za satelite na rada, na kumwambia mwenzake aliye kazini: "Toka sasa, mvula inakuya."

Wale wanaofuata dhoruba

Kule Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kufuata dhoruba kwa motokari. Wengine ni wataalamu wa chuo, wengine wanatafuta picha. Kazi hiyo ilianza kupangwa vizuri katika mwaka 1972, wakati maabara ya serikali inayochunguza dhoruba kali na Chuo Kikuu cha Oklahoma vilianza kutuma timu barabarani kutafuta tornado, ule upepo wa kuzunguka unaoshuka kutoka kwenye wingu na kubomoa manyumba. Wakati ule hapakuwa na telefone ya mkononi. Timu ilisimama kwenye telefone ya kando ya barabara, ikapigia mwenzao aliyebaki mbele ya rada: "Wingu liko wapi? Linaenda wapi?"

Kwa nini mtu aliye chini ya wingu amuulize mtu aliye ofisini? Kwa sababu aliye chini haoni wingu lote. Mvua inamziba macho, vilima vinamficha, na usiku hana kitu cha kuona. Yule wa rada anaona kilomita mamia: wingu gani linakua, gani linakufa, gani limegeuza njia. Wa barabarani naye anaona kile ambacho rada haioni, upepo ulio karibu na udongo. Mmoja bila mwingine ni nusu kipofu. Katika uchunguzi mkubwa ulioitwa VORTEX2, miaka ya 2009 na 2010, wataalamu zaidi ya 100 walisafiri pamoja, na hata rada zilipandishwa juu ya kamyo.

Na bado kazi hiyo inaua. Tarehe 31 mwezi wa tano 2013, karibu na El Reno katika Oklahoma, tornado ilipanuka kupita kilomita 4, ikabadilisha njia na mwendo kwa dakika chache. Ilimuua Tim Samaras, mtu mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, pamoja na mtoto wake Paul na mwenzao Carl Young. Walikuwa wanajua dhoruba kuliko watu wengi. Fundisho lake ni kwamba habari ya dhoruba ni kama bukari: inapoa upesi. Habari ya nusu saa iliyopita inaweza kumpeleka mtu mahali pabaya.

Sisi watu wa Katanga hatufuati dhoruba. Ni dhoruba njo inatufuata sisi kwenye kazi. Lakini shida ni ileile: aliye shimoni anahitaji macho ya mwingine aliye mahali pa kuona.

Wavuvi wa Ziwa Victoria walianza

Tusiseme ni mambo ya Wazungu tu. Karibu yetu, Ziwa Victoria, wavuvi wanatoka usiku na mitumbwi midogo. Mchana jua linachemsha nchi kavu na mawingu yanapanda pembeni ya ziwa. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote na kukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na dhoruba inalipuka pale wavuvi wako. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya watu 3,000 mpaka 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa lile.

Mwaka 2011, wilaya ya Kalangala, Uganda, walijaribu kutuma habari ya hali ya hewa kwa wavuvi kwa njia ya mesaji ya telefone. Kisha, mwaka 2017, ulianza mradi unaoitwa HIGHWAY, wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa pesa za Uingereza, pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Katika miaka ileile wataalamu, kati yao Mbelgiji Wim Thiery, walionyesha kwamba mawingu ya mchana juu ya nchi kavu, ukiyaona kwa satelite, yanaweza kukuambia mapema kama usiku ziwani patakuwa hatari.

Kitu tunachopenda katika kazi ile ni njia ya neno. Haikubaki kwenye karatasi ya ofisi. Ziwa liligawanywa kwa sehemu, kila sehemu ikapewa habari yake, na habari ikapitishwa kwa redio na kwa kamati za mialo, kwa lugha ambayo mvuvi anasikia. Mvuvi haulizi milimita ngapi za mvua. Anauliza: "Usiku huu niende ao nisiende?"

Na hapa kwetu?

Nchi yetu haikosi radi. Utafiti mmoja wa mwaka 2016, uliofuata miaka mingi ya hesabu za satelite, uliweka eneo la Kabare, Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani: radi karibu 205 kila mwaka kwa kilomita moja ya mraba. Ni Ziwa Maracaibo tu, kule Venezuela, lililopita hapo. Katanga haifikii Kabare, lakini hakuna familia hapa ambayo haijasikia habari ya mtu, ngombe ao nyumba iliyopigwa.

Serikali ina METTELSAT, shirika la hali ya hewa. Na macho ya juu yameongezeka. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2022, satelite mpya ya Meteosat ilirushwa kutoka Kourou, Guyane. Ina kamera ine ambazo kazi yao ni kuangalia radi peke yake, usiku na mchana, juu ya Ulaya na Afrika yote, zikipiga picha 1,000 kila sekunde. Maana yake, radi ikipiga upande wa Kasumbalesa ao Kambove, kuna jicho linaloiona.

Uwanja wa ndege wa Luano uko hapa hapa, na rubani hawezi kupaa bila kupewa habari ya mawingu ya njia yake. Ndiyo sheria ya ndege dunia nzima. Kilomita chache tu kutoka pale, kuna mtu anashuka shimoni na habari moja tu: ile aliyoona kwa macho yake wakati anatoka nyumbani.

Radi, baruti na kebo

Katika karieri kubwa za wazi, dunia nzima, kuna kawaida ya kusimamisha kazi radi inapokaribia. Sababu ya kwanza ni baruti: umeme wa radi unaweza kulipua detonateri mbele ya saa yake, na watu wakiwa bado karibu. Sababu ya pili ni watu walio wazi juu ya ngazi za karieri, karibu na mashine ndefu za chuma.

Na tusifikiri aliye chini ya udongo amepona. Tarehe 2 mwezi wa kwanza 2006, katika mgodi wa makaa wa Sago, West Virginia, mulipuko uliua wachimbaji 12. Wachunguzi walisema kisababu kilicho karibu na ukweli ni radi: umeme wake ulifika kwenye kebo iliyoachwa ndani ya sehemu iliyofungwa, ukawasha gazi. Migodi yetu ya shaba haina gazi ile ya makaa, lakini ina kebo, na ina pampu. Radi ikikata kurà, pampu zinasimama na mayi yanapanda.

Neno bila haki ya kutoka

Kwa wachimbaji wa mkono, bale tunaita bakrezeri, mvua ni hatari ya pili: inalegeza udongo, inaleta mafuriko. Tarehe 11 mwezi wa kenda 2020, Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mayi kwenye mashimo ya zahabu. Watu karibu 50 walikufa. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, Kalando, katika Lualaba, daraja la kuvukia ndani ya karieri lilianguka, zaidi ya watu 30 wakafa. Wakubwa wa jimbo walisema watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua na hatari ya udongo kuporomoka. Ripoti zikasema pia kwamba milio ya bunduki ya askari ilitia watu woga wakasongana darajani.

Angalia vizuri: Kalando neno lilikuwapo. Mvua ilijulikana, hatari ilijulikana, katazo lilitolewa. Watu waliingia. Kwa nini? Mtu anayelipwa kwa mufuko hawezi kula onyo. Akitoka saa mbili kwa sababu ya wingu, mtoto analala njaa, na mwenzake aliyebaki njo anapata.

Kwa hiyo tunasema wazi. Kumpa mtu wa karieri habari ya dhoruba ni mambo matatu pamoja: jicho linaloona mbali, sauti inayofika mpaka chini ya shimo, na haki ya kutoka bila kupoteza mkate wa siku. Jicho liko angani. Sauti ni kazi ya serikali, kompani na kooperative: redio, telefone, king'ora, mtu mmoja kwa kila timu mwenye ruhusa ya kusema "tutoke" bila kusubiri shefu. Haki ya kutoka ndiyo inakosekana zaidi, na ni hiyo wasindika na kooperative wanapaswa kuiweka mezani, kwa maandishi, mbele ya mvua nyingine kuanza.

Wakati tunangojea

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sekunde tatu ni kilomita moja. Chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10: toka. Inaweza kupiga hata pale mvua haijaanza. Kisha ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho mbele ya kurudi kazini. Wengi wanapigwa wakati wanafikiri imekwisha.

Usijifiche chini ya muti wala chini ya bashi. Nyumba ya kweli, ao motokari iliyofungwa vioo, ni salama zaidi. Dereva wa kamyo abaki ndani ya kabine. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini: mguse, na kama hapumui, bonyeza kifua mpaka musaada ufike.

Wako wanaosema radi inatumwa na mtu. Hatutaki kubishana na wazee katika ukurasa huu. Lakini hata anayeamini hivyo, akisikia ngurumo, ashuke kilimani na aachie baramini chini.

Na wewe mama uliye nyumbani, ambaye mbingu unaiona yote: ukiona upande wa karieri kumekuwa nyeusi, pigia baba telefone. Leo, kwa familia nyingi za Katanga, ile simu ndiyo onyo pekee linalofika.