Sura Kufanana Si Ushahidi

Januari 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimtia pingu Robert Williams nje ya nyumba yake, mkewe na binti zao wawili wadogo wakitazama. Alikaa mahabusu takriban saa 30. Alidaiwa kuiba saa za mkononi mwaka 2018, katika duka ambalo siku hiyo hakukanyaga.

Jina lake lilitokana na akili mnemba. Picha hafifu ya kamera ya duka iliingizwa kwenye programu ya kutambua sura, ikalinganishwa na hazina kubwa ya picha zikiwemo za leseni za udereva, na leseni yake ya zamani ikajitokeza. Hapo ndipo upelelezi ulipopaswa kuanza: siku ile alikuwa wapi? Nani alimwona? Badala yake, picha yake ilichanganywa na nyingine tano, zikaonyeshwa kwa mfanyakazi wa ulinzi ambaye hakushuhudia wizi bali aliutazama kwenye video tu. Akamchagua.

Programu ya aina hii haimjui mtu. Hugeuza sura kuwa tarakimu, kisha hutafuta zinazokaribiana nazo, na inaweza kuleta majina hata kama mhalifu hayumo kabisa katika hazina hiyo. Tena haikosei kwa usawa. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189. Katika nyingi, Waafrika na Waasia walifananishwa kimakosa mara 10 hadi 100 zaidi ya wazungu. Williams ni mweusi. Mweusi pia ni mama aliyekamatwa Detroit Februari 2023 kwa unyang'anyi wa gari, akiwa na mimba ya miezi minane.

Lakini kuitupia mashine lawama zote ni kuwaondolea askari wajibu wao. Mkuu wao wa wakati huo, James Craig, alisema hadharani mwaka 2020 kwamba programu ikitegemewa peke yake ingekosea karibu mara 96 kati ya 100.

Juni 2024 jiji lilikubali kumlipa Williams dola 300,000 pamoja na masharti. Hakuna kukamata mtu kwa matokeo ya programu pekee. Askari wafundishwe udhaifu wake. Kesi za tangu 2017 zilizotumia programu hiyo zipitiwe upya. Sharti zito kuliko yote linahusu gwaride la utambulisho: ni marufuku kuliandaa kwa kutegemea matokeo ya programu tu, bila ushahidi mwingine. Sababu iko wazi. Kompyuta ikishamtafuta anayefanana na mwizi, shahidi naye atamwona anafanana, na kosa lile lile litahesabiwa kuwa ushahidi mara mbili.

Kamera hizi ziko Afrika Mashariki pia. Mwaka 2019 polisi wa Uganda walithibitisha kufunga mfumo wa Huawei wenye uwezo wa kutambua sura, kwa dola milioni 126. Kila anayekamatwa kwa msaada wa mfumo kama huo anastahili kuambiwa, yeye na wakili wake, kwamba jina lake lilitajwa na kompyuta, picha iliyotumika ilikuwa ya ubora gani, na nani wengine walikuwamo kwenye orodha ile.