Ngome ya Kasanga: kilima kisicho na jina la mpagazi

Mtu akiondoka Sumbawanga baada ya Swala ya Alfajiri, baridi ya Ufipa humsindikiza hadi Matai na koti halivuliwi. Kisha barabara huanza kuteremka, na mpaka afike Kasanga msafiri huwa ameshuka takriban meta 1,000, kutoka mashamba ya ulezi na maharage hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika, anakopokewa na joto na harufu ya dagaa walioanikwa. Safari yote ni kilomita zipatazo 110. Kwa kipimo cha wanazuoni wengi, huo ni mwendo unaoruhusu kupunguza Swala, na wanangu waliliulizia hilo kabla ya kuuliza lolote la historia.

Tulikwenda watu watano: mume wangu na mimi, watoto wawili, na mama yangu, ambaye nyumbani sote twamwita Bibi. Tulikusudia kuyaona magofu ya ngome ya Wajerumani iliyo juu ya kilima cha rasi, kando ya maji. Waliipa jina la Bismarckburg, kumtukuza Otto von Bismarck, kansela aliyeyakusanya mataifa ya Ulaya mjini Berlin mwaka 1884 na 1885 kuweka kanuni za kugawana bara hili. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Ufipa. Kuta za mawe zimebomoka na miti imeota palipokuwa vyumba.

Ukisimama pale juu utaelewa kwa nini walipachagua. Chini yako yapo mapaa ya Kasanga na mitumbwi ya wavuvi, kusini iko Zambia, na hewa ikitakata milima ya Kongo huonekana ng'ambo. Hakuna chombo kingeweza kukaribia bila kuonekana. Mandhari ile tunayoipiga picha leo ilikuwa silaha.

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, yaliizingira ngome kwa upande wa nchi kavu. Ziwani walikuwapo mabaharia wa Kiingereza chini ya kamanda Spicer-Simson, aliyeiona mizinga juu ya kuta akasita kusogea. Usiku waliokuwa ndani wakapanda mitumbwi wakatoroka. Husimuliwa kwamba baadaye mizinga ile ilikutwa ni magogo yaliyochongwa. Wanangu walicheka sana, na sikuwakataza.

Vita havikuishia hapo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana hadi Msumbiji na kurudi, akasalimisha silaha Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, upande wa pili wa mpaka wetu, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya walikwisha kuweka silaha chini wiki mbili nyuma. Wajerumani waliokuwa naye walikuwa 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi wapatao 1,500. Kutoka Abercorn aliletwa hapa Kasanga kupanda chombo cha kwenda Kigoma.

Askari wale, wengi wao Waislamu, angalau wamepata sanamu. Ile ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927. Mpagazi tunamkuta katika sanamu ya Nairobi, na katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wachukuzi wa mizigo. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa hukadiriwa kupindukia 90,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Barabara za magari zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Ikabaki migongo ya watu. Aliyebeba unga wa jeshi alipaswa naye kula njiani, basi kadiri safari ilivyorefuka ndivyo mzigo ulivyoliwa na wabebaji wake, na wakatafutwa wabebaji wengine vijijini.

Nilikuwa nawaeleza watoto hesabu hiyo pale ukutani, nikidhani Bibi amesinzia kivulini.

"Babu yangu alichukuliwa," akasema.

Nina umri wa miaka arubaini na mitano na sikuwahi kulisikia neno hilo. Alisema babu huyo alitolewa shambani kubeba mizigo ya Wazungu, hakumbuki wa upande upi. Mkewe alimngoja mvua nyingi. Hakurudi, wala hapakuja mtu kueleza alipozikwa. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Mwanangu mkubwa, aliye darasa la saba, akauliza swali nililokuwa naliogopa: "Bibi, alikuwa Muislamu? Tunaweza kumwombea?"

Bibi alisema hajui. Uislamu katika ukoo wetu aliuingiza baba yake, na ya kabla ya hapo hayakusimuliwa. Mume wangu hakutaka kutoa fatwa juu ya jiwe. Alisema mambo ya mtu yule yako kwa Mola wake anayemjua, na sisi tutawaombea Waislamu wote waliotangulia, wenye makaburi na wasio nayo. Tuliteremka ufukweni, tukatawadha kwa maji ya ziwa, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha akaomba dua hiyo. Bibi aliitikia amini kwa sauti kubwa kuliko sote.

Anayetaka kwenda na familia ajitambulishe kwanza kwa uongozi wa kijiji, apate mwenyeji wa kumwongoza, avae viatu vya kufunika miguu kwa sababu ya nyasi na nyoka, na awashike mkono watoto wadogo karibu na kuta. Mawe yaachwe yalipo.

Njiani kurudi, tulipoanza kupanda kuelekea Matai na baridi kurejea, mtoto alimwomba Bibi jina la yule babu. Bibi akalitaja, kisha akataja la mkewe aliyengoja. Mtoto akayaandika yote mawili nyuma ya daftari lake la hesabu, gari likitikisika, akamsomea Bibi ili amsahihishe herufi.