Siku Mbili Porini na Familia, na Mbwa Pia

Akina mama wengi wanaoishi Marekani na familia zao wanajua maana ya kupishana mlangoni. Mama anarudi kutoka zamu ya usiku, baba anachukua funguo kwenda kazini. Watoto wanakula huku wakitazama televisheni, na maagizo ya nyumbani yanaachwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Fedha zinaingia, kodi inalipwa, na ndugu walioko nyumbani wanatumiwa chochote. Hata hivyo mwezi unaweza kwisha kabla familia nzima haijaketi meza moja.

Sisi ni familia ya namna hiyo. Tunaishi Maryland, si mbali na Washington. Mmoja wetu ni muuguzi na mwingine ni fundi umeme. Tuna kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 9. Kwa miaka mitatu sasa, kuanzia Mei mpaka Oktoba, tunatenga wikiendi moja kila mwezi kwenda kulala porini ndani ya kijumba kilichopakiwa juu ya pikapu. Tunaondoka Ijumaa watoto wakitoka shule na kurudi Jumamosi jioni, ili Jumapili tuwe kanisani. Mbwa wetu, Simba, hatumwachi.

Hatuandiki haya ili kila mama akamsumbue mume wake anunue gari. Tunaandika kwa sababu tumeona jinsi nafasi finyu inavyoweza kurudisha mazungumzo katika familia.

KIJUMBA CHENYEWE

Kijumba hiki hukaa mahali pa kubebea mizigo. Wakati wa safari paa lake hushushwa na kufungwa, hivyo gari haliyumbishwi sana na upepo. Mkifika, paa husukumwa juu kwa mikono na kuta za turubai hukunjuka, na mtu mzima anaweza kusimama ndani. Kitanda kiko juu ya chumba cha dereva. Chini kuna benchi, meza ndogo, jiko la gesi na sinki yenye tangi la maji. Baba, mama na binti hulala juu, kijana hulala kwenye benchi, na Simba hujilaza sakafuni.

Jambo la kwanza la kuangalia kabla ya kununua ni uzito. Magari ya Marekani yana kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachoonyesha mzigo ambao gari linaweza kubeba. Jumlisha kijumba, maji, gesi, chakula, watu na mbwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 75 peke yake ni kilo 75. Pikapu iliyozidiwa husimama kwa shida mlimani, na breki zake huchemka.

Sisi tulinunua kijumba kilichotumika. Mwenzetu, usione aibu kununua cha mtu, ila kagua turubai na pembe za paa kama zinavuja, na umwite fundi apime mfumo wa gesi.

MAHALI TUNAPOPENDA

Hifadhi nyingi za taifa za Marekani haziruhusu mbwa kwenye njia za miguu. Hifadhi ya Shenandoah, katika jimbo la Virginia, ni tofauti. Ina njia za miguu zaidi ya kilomita 800, na mbwa wamekatazwa katika takribani kilomita 32 tu, hasa palipo na miamba ya kupanda au msongamano wa watu. Sharti ni kwamba mbwa afungwe kamba isiyozidi mita 1.8, na mwenyewe aokote kinyesi chake.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1935. Katikati yake inapita barabara ya Skyline Drive, kilomita 169 juu ya mgongo wa milima, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 56 kwa saa. Kuna handaki moja, Marys Rock, lenye kimo cha takribani mita 3.8. Magari marefu ya kulala hulazimika kupima kimo chake kwanza, lakini kijumba kilichoshushwa paa hupita bila wasiwasi.

Kambi tunayoipenda zaidi ni Lewis Mountain, iliyo ndogo kuliko kambi nyingine za hifadhi hiyo. Ilifunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya watu weusi peke yao, kwa sababu wakati huo sheria na desturi za Virginia zilitenganisha watu kwa rangi hata mahali pa kupumzikia. Ubaguzi huo uliondolewa katika hifadhi nzima kufikia mwaka 1950. Leo kila mtu hulala humo, na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunapika chai ya tangawizi mahali ambapo familia nyingine zilizofanana nasi ziliruhusiwa kulala hapo tu.

Ni katika kambi hiyo kijana wetu alipozungumza. Miezi kadhaa alikuwa anajifungia chumbani, akiulizwa jambo anajibu, "Hakuna kitu." Jioni moja alitoka na baba yake kumtembeza Simba. Baba akamweleza historia ya mahali pale. Walitembea kimya kwa muda, kisha kijana akasema kwamba shuleni kuna wenzake wanaolichezea jina lake na kumwigiza anavyoongea, na kwamba hataki kurudi huko. Alisema hayo akimwangalia mbwa, hakumwangalia baba yake. Waliporudi kambini giza lilikuwa limeingia, na chakula kilikuwa kimepoa.

Wiki iliyofuata tulikwenda shuleni wote wawili, tukazungumza na mwalimu wake. Halikuisha siku moja, lakini kijana alikuwa habebi tena mzigo ule peke yake. Watoto wa umri huo ukiwaita sebuleni uwahoji, hufunga midomo. Mpe mmoja wao kamba ya mbwa ashike, utembee pembeni yake bila haraka, na maneno yatatoka yenyewe.

MBWA NDANI YA NYUMBA?

Kwetu mbwa ni mlinzi. Hula makombo na kulala uani. Bibi yao alipoambiwa kwa simu kwamba Simba analala chumba kimoja na sisi, alicheka, kisha akauliza, "Na shuka mmempa?" Hatukumpa shuka, lakini tumempa utaratibu, maana mbwa asiye na adabu ndani ya nafasi ya hatua nne ni adha kwa wote. Hapandi kitandani. Anafutwa miguu kabla ya kuingia. Binti ndiye anayempa maji na chakula kwa saa zilezile za nyumbani.

Njiani Simba hufungwa mkanda kiti cha nyuma, pamoja na watoto. Kijumbani hakai kiumbe yeyote gari likiwa linakwenda. Wala hatumwachi ndani ya gari juani. Siku yenye nyuzi 21 tu, dakika 10 zinatosha kulifikisha joto la ndani ya gari lililofungwa nyuzi 32.

Wakumbushe watoto pia kwamba chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwa mbwa, hata akiomba kwa macho ya huruma.

USHAURI WA MUUGUZI

Akina mama, furaha ya safari inaweza kugeuka kilio kwa jambo dogo. Tunaomba mzingatie haya:

Moto na hewa. Wengi wetu tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasiamke. Kijumba cha turubai nacho ni chumba. Usiingize jiko la mkaa kamwe, na usitumie jiko la gesi kupasha watu joto. Fungua dirisha unapopika. Weka king'ora cha hewa ya kaboni monoksidi na ukijaribu kabla ya kila safari, maana hewa hiyo haina harufu. Kichwa kikiwauma watu kadhaa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Kupe. Virginia na Maryland zina kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Kila jioni kagua watoto kwenye nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Mbwa mkague masikioni na katikati ya vidole. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Mara nyingi huchukua zaidi ya saa 24 kabla hajaambukiza, kwa hiyo ukaguzi wa kila siku ni kinga kubwa. Homa au wekundu unaotanuka ngozini katika wiki zinazofuata upelekwe kwa daktari.

Kichaa cha mbwa. Chanjo ya mbwa isipitwe na wakati. Mtu akiumwa na mnyama yeyote wa porini au mbwa asiyejulikana, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyohiyo.

Dubu. Shenandoah ina dubu weusi wengi. Chakula, dawa ya meno na hata bakuli la mbwa hufungiwa kwenye chumba cha dereva, si ndani ya turubai.

KWA WALIOKO NYUMBANI

Pengine utasema, "Hayo ni ya Marekani." Ni kweli kwamba hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu kuingia na mbwa, na zina sababu nzuri ya kulinda wanyamapori na maradhi. Lakini Nairobi kuna Msitu wa Karura, ambapo familia huweza kutembea mchana kutwa na mbwa aliyefungwa kamba. Na asiye na mbwa wala msitu ana shamba la babu, ufuko, au mti nyuma ya nyumba.

Kinachohitajika ni siku iliyoandikwa kwenye kalenda, isiyouzwa kwa zamu ya ziada. Zamu ya ziada tunaijua vizuri, tena inalipa. Ndiyo maana kwetu tarehe hiyo huandikwa kwa kalamu nyekundu mwanzoni mwa mwezi, na anayeiandika ni binti. Tangu alipopewa kazi hiyo, hakuna aliyethubutu kuifuta.