DAKTARI NAYE YUKO MASOMONI

Ukimpeleka mgonjwa wako katika hospitali kubwa ya rufaa, daktari wa kwanza kumwona huenda akawa kijana. Amevaa koti jeupe. Macho yake ni mekundu kwa kukosa usingizi. Anauliza maswali mengi, na kila jibu analiandika. Baada ya muda anakuja daktari mwingine. Naye anauliza maswali yale yale.

Ndugu wa mgonjwa huanza kunong'ona. "Tumepewa mwanafunzi," husema mmoja. "Hajui kazi, ndiyo maana anauliza sana," husema mwingine.

Si kweli kwamba hajui kazi. Lakini ni kweli kwamba yuko masomoni. Katika makala hii tutaeleza daktari huyo ni nani na siku zake zinapitaje. Tutaeleza pia kwa nini karatasi unayokwenda nayo hospitali inaweza kuokoa maisha.

Yeye ni nani?

Katika Tanzania, mtu anayetaka kuwa daktari husoma chuo kikuu kwa miaka 5 baada ya kidato cha 6. Kisha hufanya kazi hospitalini kwa mwaka 1 chini ya uangalizi. Baada ya hapo ndipo anapoandikishwa kuwa daktari kamili. Anaweza kutibu popote nchini.

Wengi huenda kufanya kazi wilayani. Baadaye baadhi yao hurudi shule. Wanataka kuwa madaktari bingwa, yaani wenye ujuzi wa aina moja ya maradhi. Mmoja husomea upasuaji. Mwingine husomea magonjwa ya watoto. Mwingine husomea uzazi. Masomo hayo huchukua kama miaka 3 zaidi. Hufanyika katika hospitali kubwa, kama vile Muhimbili huko Dar es Salaam, KCMC huko Moshi na Bugando huko Mwanza.

Basi daktari huyu si mtu aliyeshika sindano jana. Ni daktari anayeongeza ujuzi. Darasa lake ni wodi. Kitabu chake ni mgonjwa. Mwalimu wake ni daktari bingwa anayemsimamia.

Huko Marekani, daktari wa namna hii huitwa kwa jina lenye maana ya "mkazi". Sababu ni kwamba zamani madaktari wa aina hii walikaa na kulala hospitalini. Siku hizi wana nyumba zao. Lakini ukiuliza familia zao, watakuambia kwamba hospitali bado inawachukua zaidi kuliko nyumba.

Asubuhi

Tumchukue daktari mmoja wa mfano. Hatusemi habari za mtu fulani. Yeye anasimama badala ya wengi. Ni mwanamke. Ana mume na mtoto mdogo. Anasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi.

Anaamka saa 10 alfajiri. Mtoto bado amelala. Anasoma kitabu chake kwa saa moja, kwa sababu mtihani uko karibu. Kisha anapanda daladala kwenda hospitali.

Kabla ya saa 2 asubuhi anapita kitanda kwa kitanda. Mama huyu amelalaje? Kidonda kinatoa usaha? Damu imekoma? Kisha madaktari wote hukutana. Waliokesha husoma taarifa ya usiku. Husema ni wajawazito wangapi walipokelewa, nani alifanyiwa upasuaji, na nani hali yake ni mbaya. Kama mama au mtoto amefariki, huulizana sababu. Huulizana pia kama kuna jambo lingeweza kufanywa mapema zaidi. Mkutano huu ni mgumu. Lakini ndimo wanamojifunza.

Halafu inafuata raundi. Daktari bingwa hutangulia. Nyuma yake hufuata madaktari, wauguzi na wanafunzi. Katika kila kitanda daktari wetu hueleza habari za mgonjwa. Bingwa humuuliza maswali mbele ya wote. Asipojua jibu huona aibu. Usiku ule ule hulitafuta kitabuni.

Hapa tunapata jibu la lile jambo la kuulizwa mara mbili. Daktari wa pili haulizi kwa sababu wa kwanza ni mjinga. Anahakikisha. Mara nyingi mgonjwa hukumbuka safari ya pili jambo alilolisahau safari ya kwanza.

Usiku wa zamu

Siku nyingine daktari wetu huwa zamu ya usiku. Hapo hulala kidogo sana, au halali kabisa. Akikaa tu anywe chai, muuguzi humwita.

Tuseme ni saa 8 usiku. Gari la wagonjwa linafika. Ndani yumo mama mwenye mimba ya miezi 8. Alianza kuumwa kichwa sana. Uso na mikono ilivimba. Akaona vitu kama vimulimuli mbele ya macho. Kisha akaanguka na kutetemeka mwili mzima. Majirani wengine walisema ni mashetani.

Si mashetani. Ni kifafa cha mimba. Ugonjwa huu huja na shinikizo kubwa la damu. Unaweza kumuua mama na mtoto pia. Dawa ya kuzuia degedege hilo ni sindano ya magnesiamu. Hata zahanati au kituo cha afya wanaweza kumchoma sindano ya kwanza kabla ya kumpeleka mbele. Baadaye mtoto huzaliwa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, maana ugonjwa huanza kupungua mimba ikishatoka.

Sasa tega sikio, ndugu msomaji. Magnesiamu ni dawa nzuri, lakini ikizidi hudhoofisha pumzi. Mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo daktari hugonga goti la mgonjwa kwa nyundo ndogo aone kama mguu unaruka. Huhesabu pumzi zake, ambazo zisipungue 16 kwa dakika. Hupima na mkojo. Mambo hayo yasipokuwa sawa, hamwongezi dawa.

Lakini kabla ya hayo yote daktari wetu anauliza, "Amechomwa sindano gani huko alikotoka? Saa ngapi?"

Kama muuguzi wa zahanati ameandika barua ya rufaa, na barua hiyo imefika, jibu limepatikana. Daktari anaendelea na kazi mara moja.

Kama barua imesahauliwa nyumbani juu ya meza, je? Mama hawezi kusema. Mume anasema, "Alichomwa sindano, sijui ya nini." Daktari amesimama pale. Akitoa dawa mara ya pili, anaweza kumdhuru. Akiacha kutoa, degedege linaweza kurudi. Anapiga simu zahanati, haipokelewi. Dakika zinakwenda.

Karatasi moja ingemaliza shida hiyo.

Baada ya zamu

Kukicha, daktari wetu hukabidhi wagonjwa kwa mwenzake. Humweleza kila mmoja na kumwandikia. Jambo likisahaulika hapa, mgonjwa ndiye anayeumia. Ndiyo maana makabidhiano hayafanywi kwa haraka.

Hata hivyo haendi nyumbani upesi. Huenda kuna mama anayesubiri upasuaji, au kipindi cha darasa. Akifika nyumbani mtoto humkimbilia. Humchukua mapajani amsimulie hadithi. Kabla hadithi haijafika katikati, mama amesinzia.

Siku ya mapumziko hufua, huenda sokoni na kupika. Jirani akigonga mlango na mtoto mwenye homa, humwangalia. Kuna arusi na misiba ya ndugu asiyohudhuria. Ndugu wengine hulaumu, "Usomi umempa kiburi." Si kiburi. Yuko wodini.

Na kuna siku anarudi nyumbani amenyamaza. Mume hamwulizi. Anajua kwamba leo kuna mama hakupona.

Uchovu ni hatari

Mtu aliyekesha akiendesha gari, tunaogopa kupanda. Daktari naye ni mtu. Akichoka, husahau.

Mwaka 1984, katika hospitali moja mjini New York, Marekani, alifariki msichana wa miaka 18. Alilazwa usiku akiwa na homa. Waliomhudumia wodini walikuwa madaktari wanaojifunza, wenye wagonjwa wengi na saa nyingi za kazi. Watu wengi waliamini kwamba dawa aliyopewa hospitalini iligongana na dawa aliyokuwa akiimeza nyumbani. Baba yake hakukubali jambo hilo lipite kimya.

Kuanzia mwaka 1989 jimbo la New York liliweka sheria. Daktari anayejifunza asizidishe saa 80 kwa wiki, wala saa 24 mfululizo. Saa 80 ni nyingi bado. Ni zaidi ya saa 11 kila siku, bila hata siku moja ya kupumzika.

Mwaka 2004 wataalamu wa huko Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi. Walilinganisha madaktari wapya wenye zamu ndefu na wale waliopunguziwa saa. Wenye zamu ndefu walifanya makosa makubwa zaidi kwa asilimia 36. Maana yake ni hii: pale ambapo hawa wa zamu fupi walikosea mara 100, wale wa zamu ndefu walikosea mara 136.

Kwa hiyo kupumzika kwa daktari si uvivu. Ni sehemu ya matibabu. Hospitali inapopanga zamu vizuri, inamlinda mgonjwa.

Sisi tufanye nini?

Mwanakijiji hawezi kupanga zamu za hospitali. Lakini anaweza kumpunguzia kazi daktari aliyekesha. Tufanye haya:

1. Tuchukue barua ya rufaa na kadi ya kliniki. Tumkabidhi muuguzi au daktari mkononi. Tusiziache nyumbani, wala chini ya mto wa mgonjwa.

2. Tuandike wenyewe katika daftari: ugonjwa ulianza siku gani, mgonjwa amekunywa dawa gani, na amechomwa sindano saa ngapi. Hata sindano ya malaria kali ina saa zake. Baada ya ile ya kwanza, ya pili hutolewa saa 12 baadaye. Wa hospitali lazima ajue ya kwanza ilichomwa lini.

3. Tuseme kweli juu ya dawa za miti shamba. Daktari haulizi ili atucheke. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

4. Mgonjwa akiambiwa asile kabla ya upasuaji, tusimpe uji kwa siri. Uji nao ni chakula. Akiwa usingizini anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Chakula hukatazwa kwa muda wa saa 6 au zaidi.

5. Mjamzito akiumwa kichwa sana, akivimba uso au akiona vimulimuli, tusingoje kuche. Tumpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja.

6. Tusipoelewa, tuulize. Ni haki ya mgonjwa kujua ugonjwa wake na dawa anayopewa. Tukiona daktari amesahau jambo, tumkumbushe kwa heshima.

Ndugu msomaji, zamani ulipoulizwa hospitalini, "Amepewa dawa gani?" ulijibu, "Vidonge vyeupe." Leo unaweza kusoma jina lililoandikwa kwenye pakiti. Unaweza kuandika tarehe na saa. Mistari mitatu ya daftari lako inaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo ya watu kumi wanaosema kwa pamoja.

Wewe umeanza kusoma ukiwa mtu mzima mwenye jembe na watoto. Daktari yule naye anasoma akiwa mtu mzima mwenye kazi na mtoto. Mkikutana saa 8 usiku kando ya kitanda, mpe karatasi yako. Ataisoma.

Maswali ya kujadili pamoja

1. Kwa nini daktari wa pili huuliza maswali ambayo wa kwanza amekwisha kuuliza?

2. Taja dalili tatu za hatari kwa mjamzito zilizoelezwa katika makala hii.

3. Kwa nini ni hatari kumchoma mgonjwa sindano ya magnesiamu bila kujua kama amekwisha kuchomwa?

4. Katika nyumba yako, kadi za kliniki hutunzwa wapi? Je, usiku wa giza mtu mwingine anaweza kuzipata?

5. Andika katika daftari lako mistari mitatu kuhusu mgonjwa wa mfano: ugonjwa ulianza lini, dawa gani amepewa, na saa ngapi. Msomee mwenzako.