Mkono wa nyota anaujua mbeba spika

Tamasha likitangazwa kuanza saa moja usiku, wapo watu ambao kwao limeanza tangu alfajiri. Ni vijana wanaoshusha spika kwenye lori, wanaofunga taa kwenye vyuma, wanaovuta nyaya na kusimamisha jukwaa. Saa sita usiku, wakati mwimbaji ameshafika nyumbani, wao ndio kwanza wanaanza kubomoa walichokijenga.

Ukitaka kuuelewa muziki wa jukwaani kwa macho yao, Kimisagara ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtaa huu wa wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, Rwanda, umejipanga mteremkoni, nyumba juu ya nyumba, kutoka mlima Kigali kuteremka hadi Nyabugogo kwenye stendi kuu ya mabasi. Chini kuna kituo cha vijana ambacho hadi leo wengi hukiita kwa Kifaransa, Maison des Jeunes. Hapo mpira wa mikono huchezwa, karate hufundishwa, wacheza ngoma na wacheza shoo hufanya mazoezi. Wachache kati ya vijana hao watakuwa majina makubwa. Wengi, wakibahatika kubaki kwenye muziki, watakula kwa kazi za nyuma ya jukwaa.

Mwaka 2023 habari moja kutoka Marekani iliwahusu watu wa namna hiyo. Taylor Swift, aliyeanza kama mwimbaji wa kantri na kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 2006, alikuwa kwenye ziara iliyokuja kufikisha matamasha 149 ilipofungwa Vancouver mwezi Desemba 2024. Ziara ya ukubwa huo inakwenda kwa malori. Vyuma, skrini na taa vinafunguliwa usiku uleule, vinapakiwa, na dereva anaendesha hadi mji unaofuata huku wasanii wamelala. Awamu ya kwanza ya Marekani ilipokaribia kwisha, kila dereva wa malori hayo alipewa bonasi ya dola 100,000, yaani zaidi ya faranga za Rwanda milioni 110. Mwenye kampuni mojawapo ya malori alieleza kwamba bonasi ya kawaida katika kazi hiyo ni kati ya dola 5,000 na 10,000.

Habari hiyo ilisomwa sana huku kwetu, na haishangazi. Afrika Mashariki ina mapenzi ya zamani na kantri. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton wameimba kwenye redio za wazazi wetu, na Mkenya Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, amejenga jina lake kwa kuzipiga nyimbo za aina hiyo jukwaani. Tena sisi ni watu wa kutunza. Msanii akiimba vizuri harusini, noti zinamwangukia. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Lakini noti zile humwangukia anayeonekana. Aliyeibeba spika inayomfanya asikike amesimama gizani, na hakuna anayemfikia.

Ndiyo maana kisa cha madereva wale kinahitaji kusomwa kwa makini. Wengi walikisimulia kama hadithi ya bahati: tajiri kafungua mkono, maskini kapata. Kilichosahaulika ni kwamba wale madereva walikuwa na ajira. Mshahara wao ulikuwa umelipwa na kampuni kabla ya zawadi. Ile bonasi ilikuja juu ya haki yao. Huku kwetu mara nyingi mambo huwa kinyume: kijana anafanya kazi kwa maneno tu, anaambiwa tutaonana baada ya shoo, na baada ya shoo anachopewa kinategemea milango imeingiza kiasi gani na bosi ameamkaje. Akipewa kizuri, anashukuru kama aliyesaidiwa, ilhali amelipwa jasho lake.

Afrika Mashariki imewahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara wa mwezi. Ukumbi ujae au uwe mtupu, mwisho wa mwezi mpiga besi alijua atapata nini. Bendi hiyo ilibadili majina kadiri chama kilivyobadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Nyota wake wengi waliondoka au kufariki, bendi ikabaki.

Kigali nayo imefika mahali ambapo suala hili la malipo ya uhakika halikwepeki. Zamani msanii aliweza kupanda jukwaani na CD yake, akafungua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa, basi. Shindano la muziki la Primus Guma Guma Super Star, lililoendeshwa kuanzia 2011 hadi 2018, liliwazoesha watazamaji wa wilayani kudai kuimbiwa moja kwa moja. Shule ya muziki ya Nyundo, iliyoanza 2014, ikatoa wapiga vyombo waliounda bendi. Mwaka 2019 ukafunguliwa ukumbi wa watu 10,000 ambao sasa unaitwa BK Arena, na Desemba 2023 rapa Kendrick Lamar akaimba humo katika mpango wa Move Afrika, ambao miongoni mwa malengo yake ni kuwapa ajira na ujuzi watu wa nchi mwenyeji. Kuimba moja kwa moja kunahitaji mikono mingi: mpiga ngoma, fundi mitambo, fundi taa, wabebaji, madereva.

Ukosefu wa kinga kwa wenye mikono hiyo ulionekana Machi 2020, Rwanda ilipofunga shughuli kwa sababu ya korona. Matamasha yalikuwa kati ya mambo ya kwanza kusimama na ya mwisho kurudi. Mwimbaji aliweza kuimba kwenye simu yake na kubaki na jina. Mbeba spika hakuwa na kitu cha kurusha mtandaoni.

Ukarimu unaoweza kuwafaa watu hawa hauhitaji dola 100,000. Rwanda ina bima ya afya ya mituweli, na tangu 2018 ina Ejo Heza, mpango wa akiba ya uzeeni ambao hata asiye na ajira rasmi anaruhusiwa kujiunga na kuweka kidogo kidogo. Nyota anayejaza ukumbi anaweza kuandika kwenye mkataba wake na promota mambo matatu: malipo ya kila mfanyakazi yajulikane kabla ya lori kushushwa, mituweli yake iwe imelipwa, na sehemu ya mapato iingie kwenye akiba yake ya Ejo Heza. Kisha, akitaka kuongeza bahasha, aongeze. Bahasha ikitanguliwa na mkataba huwa zawadi. Bila mkataba, huenda ni deni tu lililocheleweshwa.