Sarafu ya Melgueil: Fedha haba, imani kubwa

KUSINI mwa Ufaransa, karibu na Montpellier, kuna mji mdogo uitwao Mauguio. Katika Zama za Kati uliitwa Melgueil, nao ulikuwa makao ya kaunti ndogo, yaani milki ya mwinyi mmoja wa cheo cha juu. Milki hiyo haikutisha majirani zake wakubwa. Hata hivyo, katika karne ya 11 na ya 12 sarafu yake ilienea sehemu kubwa ya Languedoc, ikilipia ardhi, kodi na madeni.

Sarafu yenyewe iliitwa denier, neno lenye asili moja na dinari: yote mawili yametokana na denarius ya Warumi. Denier 240 zilihesabiwa kuwa pauni moja. Nayo haikuwa fedha tupu, bali biloni, mchanganyiko ambao shaba huizidi fedha.

Kuitengeneza hakukuhitaji mtambo. Mafundi waliyeyusha madini, wakayafua kuwa mabamba membamba, kisha wakakata vipande vya duara. Kipande kiliwekwa juu ya muhuri wa chuma uliokitwa kwenye gogo, muhuri wa pili ukashikwa juu yake, nyundo ikashuka. Ndiyo maana sarafu nyingi za namna hii zina chapa iliyokwenda upande.

Tatizo la biloni ni kwamba macho hayatoshi kuipima. Mtawala aliyepunguza fedha na kuongeza shaba alipata faida papo hapo, na hasara ikamwangukia aliyekuwa akidai, kwani alilipwa idadi ileile ya sarafu zenye thamani pungufu. Watu wa Languedoc hawakuwa wajinga. Baadhi ya hati zao zilieleza kuwa, endapo sarafu ingeharibiwa, deni lingelipwa kwa uzito wa fedha safi.

Ajabu ni kwamba denier ya Melgueil haikutaja Melgueil. Ilikuwa na msalaba na viduara vinne, pamoja na jina la mji wa Narbonne lililokosewa herufi. Sura hiyo haikubadilishwa kwa vizazi kadhaa. Soko lilikuwa limeizoea, na kuibadili kungezua shaka.

Mwaka 1085 kaunti iliwekwa chini ya Papa, na mwaka 1215 Papa Innocent III akamkabidhi Askofu wa Maguelone. Maaskofu nao walijua biashara. Mwaka 1266 Papa Clement IV alimwandikia askofu wa wakati huo, Bérenger de Frédol, akimkemea vikali kwa sarafu nyingine iliyofuliwa katika dayosisi yake: millarès, sarafu ya fedha iliyoiga dirhamu za Waislamu wa Magharibi. Ilikuwa na jina la Mtume Muhammad, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Mediterania waliiamini sarafu ya namna hiyo.