Kabla ya kung'oa miguu ya gari bovu



Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma, muda mfupi kabla ya mpaka unafika Mpemba, ambapo barabara ya Isongole, wilayani Ileje, inaachana na barabara kuu ya Zambia. Corolla yenye umri wa miaka karibu thelathini, ikibeba abiria na magunia kwa pamoja katika njia za vijijini, huchoka miguu kabla ya kuchoka injini. Inagonga kila ikipita shimo, tairi zinalika upande mmoja, usukani unavuta kushoto.

Mwenye gari akipiga hesabu ya spea mpya anaona heri anunue gari zima lililokufa, alilaze nyuma ya nyumba, ang'oe miguu yote aihamishie kwenye lake. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni namna kazi inavyofanywa.

Kwanza uliza gari hilo lilikufa kwa ugonjwa gani. Kama ni injini au giaboksi, miguu yake huenda ni mizima. Kama lilipinduka au liligonga, ile mikono ya chini inayoshika gurudumu inaweza kuwa imepinda kiasi ambacho jicho halioni upesi. Iweke mezani, wa kushoto na wa kulia. Inatakiwa ifanane kama viganja vya mtu mmoja. Isipofanana, iache.

Halafu usidanganywe na jina. AE100 ya mwaka 1991 ni Corolla, na AE104 nayo ni Corolla, lakini hii ya pili inavutwa na magurudumu yote manne, na miguu yake ya nyuma ni mingine. Soma kibati cha modeli, si maandishi ya kwenye buti.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwenye gari bovu unanunua chuma: mikono, habu, na springi kama zinatoka mbili mbili, kushoto na kulia. Mpira, grisi na mafuta usivinunue, maana vimezeeka pamoja na gari lenyewe. Bushi hupasuka hata gari likiwa limesimama juani. Shokapu huvuja. Bolijointi hulika kwa ndani, mahali usipopaona. Fundi mmoja aliwahi kunifungia bolijointi ya mtumba, akaniapia kuwa ni nzima. Mwezi haukuisha, gurudumu likalala ubavu nikiwa nageuza gari mbele ya nyumba yangu. Lingelala kwenye mteremko, na gari limejaa watu, mazungumzo haya yangesomwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo zile fedha ulizookoa kwenye chuma, zitumie kununua bushi, bolijointi na shokapu mpya, uzifunge kwenye mikono ya gari bovu kabla haijapanda kwenye gari zima. Nati za kujifunga nazo ziwe mpya.

Wakati wa kazi, gari likae juu ya stendi au magogo imara, si jeki peke yake. Springi iliyozunguka shokapu imebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya. Nati ya juu isifunguliwe kabla springi haijashikwa na vibano vyake.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Hukaza bolti za bushi gari likiwa bado limening'inia. Likishushwa, bushi inajisokota na kubaki hivyo siku zote, na haichukui muda itachanika. Bolti hizo zifungwe kwa kulegea tu, gari lishushwe lisimame kwa uzito wake, litikiswe kidogo, ndipo zikazwe. Kisha lipelekwe kupimwa magurudumu, hata kama ni kulifuata Mbeya mjini.

Na mikono ya zamani usiiuze chuma chakavu siku hiyo hiyo. Itunze mpaka gari limetembea wiki mbili bila kugonga.